Kulea Watumishi wa Zahanati: Namna ya Kufundisha Kazini

Mganga Mkuu wa Wilaya akikupangia zahanati tatu au nne uwe unazizungukia kuwaelekeza watumishi, usianze kwa kutafuta projekta. Watumishi wengi wa zahanati zetu wameshakaa semina za kutosha: za malaria, za chanjo, za uzazi salama, za kifua kikuu. Vyeti wanavyo, na mwongozo wa matibabu uko kabatini. Tatizo liko kati ya wanachokijua na kinachofanyika saa nne asubuhi, benchi limejaa akina mama, mtumishi mmoja yuko likizo na mwingine amepeleka ripoti halmashauri. Kazi yako ni hapo katikati.

Jambo hili limeshapimwa hapa Tanzania. Miaka ya 2000 watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwafuatilia waganga wa wagonjwa wa nje mkoani Arusha. Waliwahoji wagonjwa wakitoka chumba cha daktari kabla mtazamaji hajaingia, kisha mtazamaji akaingia na kukaa. Huduma ilipanda papo hapo. Maswali yaliulizwa, wagonjwa walipimwa mwili, maelezo yalitolewa. Baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na watano, ikarudi pale ilipokuwa.

Kwangu matokeo hayo ni habari njema. Mtu asiyejua kazi hawezi kuifanya vizuri ghafla kwa sababu tu mgeni amekaa pembeni. Ujuzi ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni kitu cha kuusukuma utoke kila siku, hata pasipo mgeni. Ila matokeo hayohayo ni onyo kwako: ukikaa nusu saa, ukaridhika, ukasaini kitabu cha wageni na kuondoka, umemwona mtumishi akiwa na mgeni. Hujamwona akiwa kazini.

Kabla hujapanda pikipiki

Soma taarifa za kituo unachokwenda. Vitabu vya MTUHA vinasema mengi kwa anayevisoma kwa makini. Linganisha idadi ya watoto waliopimwa malaria wakakutwa hawana na idadi ya dawa za malaria zilizotoka. Tazama wajawazito wangapi walihudhuria kliniki bila presha yao kuandikwa. Pita pia kwenye hospitali yako uangalie wagonjwa wa rufaa waliotoka zahanati hiyo: walifika saa ngapi, walifika na karatasi gani, walikuwa wamepewa dozi ya kwanza au la. Chagua jambo moja, yasizidi mawili. Mlezi anayekwenda na orodha ya mambo kumi na mbili hurudi hajagusa hata moja.

Mpigie simu mganga mfawidhi umuulize yeye angependa asaidiwe wapi. Mara nyingi jibu lake litapishana na lile uliloliona kwenye takwimu. Anza na lake. Ukimsaidia kwenye linalomsumbua, atakufungulia mlango wa lile asilopenda kulizungumza.

Tenganisha ziara hii na ukaguzi. Timu ya wilaya inapokuja na gari na fomu zake za usimamizi, watumishi hujipanga kama wanavyojipanga watu mbele ya mkaguzi, na hiyo ni haki yao. Kama wewe ni mjumbe wa timu hiyo, ziara ya ulezi ifanye siku nyingine, na uwaambie mapema kipi kitabaki chumbani na kipi hakitabaki. Kosa la kujifunzia litabaki kwenu. Kumtoza mgonjwa fedha kinyume na utaratibu, au kuendelea na jambo linalohatarisha maisha baada ya kuelekezwa, hakutabaki. Yaseme haya siku ya kwanza, kwa upole na kwa uwazi. Yakisemwa siku ya tatu, baada ya tukio, yatachukuliwa kuwa mtego.

Nani awe mlezi? Anayeifanya kazi ileile. Rwanda walianza mpango wa namna hii mwaka 2010 katika wilaya ya Kirehe na kusini mwa Kayonza, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la Partners In Health. Walezi walikuwa wauguzi wenye uzoefu kutoka hospitali za wilaya, wakienda vituo vya afya na kukaa na wauguzi wenzao wanapotibu watoto. Mwaka uliofuata, watoto waliotambuliwa ugonjwa wao sawasawa walitoka asilimia 56 hadi zaidi ya asilimia 90. Muuguzi hujifunza kwa muuguzi kwa urahisi kwa sababu hana shaka kwamba anayemwonesha anaijua foleni, anaijua zamu ya usiku, anajua mshahara unafika tarehe ngapi. Kama wewe ni daktari, mchukue muuguzi mkunga hodari wa hospitali yako mwende wote wawili, na chumba cha leba kiwe chake.

Salamu kwanza

Huenda wewe ni kijana wa miaka thelathini na unakwenda kwa mama mkunga aliyeanza kazi wewe ukiwa shule ya msingi. Shikamoo yako iwe ya kweli. Mama huyo amezalisha watoto wengi kuliko wewe, mara nyingine kwa mwanga wa tochi, na kijiji kizima kinamjua. Muombe akuoneshe kituo. Muulize mambo ambayo yeye ndiye mjuzi wake: akina mama wa kitongoji kipi huchelewa kufika na kwa nini, barabara ipi hukatika masika, nani mwenye gari linaloweza kukodiwa usiku. Majibu hayo utayahitaji. Naye ataona kwamba hukuja kumfuta.

Chakula chako beba, au kinunue kijijini kwa fedha yako. Ugeni usiwe mzigo kwa watumishi watatu wanaochangishana ili wakukirimu.

Ndani ya chumba cha tiba

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo hapa uwe na subira kuliko pengine popote. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, kubalianeni mambo matatu. La kwanza, kila mgonjwa ataelezwa wewe ni nani na ataulizwa kama anaridhia ukae. La pili, mtumishi ndiye mwenye mgonjwa: macho ya mgonjwa yaelekee kwake, kiti chako kiwe pembeni kidogo. La tatu, kuwe na maneno yatakayotumika ikitokea hatari. Wengine husema, “Sista, naomba tushirikiane kwa huyu.” Mgonjwa atasikia ushirikiano, na mwenzako atajua kuna jambo la kusimamisha. Nje ya hatari, nyamaza. Kumkosoa mtumishi mbele ya mama aliyemleta mtoto ni kumvunjia heshima mbele ya kijiji, na kesho yake mama huyo atamtaka “yule daktari mgeni”.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye kikohozi, kwa kuwa atakuja asubuhi hiyohiyo. Mwongozo wa kutibu watoto unadai mtumishi aulize dalili za hatari: mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Kisha ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa miezi 12 hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Kila tabibu ataitaja kanuni hii ukimuuliza. Kozi kamili ya mwongozo huo, ilipoanzishwa, ilikuwa ya siku 11, na hesabu ya pumzi ilirudiwa humo mara nyingi. Sasa kaa utazame ni watoto wangapi wanafunuliwa kifua.

Ukiona hahesabu, usiseme “hukuhesabu pumzi.” Anajua. Tafuta sababu. Saa ya ukutani imesimama tangu mwaka juzi. Simu yake haina chaji. Watoto hulia wakifika chumbani kwa sababu ndipo wanapochomwa sindano. Wagonjwa arobaini wako nje. Kila sababu ina dawa yake, na nyingi ni rahisi: saa yenye mshale wa sekunde, au mhudumu anayepima uzito mlangoni aelekezwe kuhesabu pumzi akiwa hapohapo, mtoto bado ametulia mapajani mwa mama, na kuandika namba kwenye karatasi. Nimeona kazi ikibadilika zaidi kwa kuhamisha jambo moja kutoka chumba hiki kwenda kile kuliko kwa mihadhara.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi, maana haumhusu mtumishi peke yake. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi, mtoto ana homa na mafua, pumzi ni za kawaida, na tabibu anaandika dawa ya malaria na antibayotiki juu yake. Ukimuuliza baadaye atakueleza ukweli: mama ametembea saa mbili, akirudi nyumbani na panado tupu watasema zahanati haina dawa. Hapo mwenzako anahitaji maneno, na maneno hufundishwa kwa kuyasema. Omba umhudumie mgonjwa mmoja wewe, yeye atazame. Mwambie mama: “Mama, nimempima malaria, hana. Nimemhesabu pumzi na kumtazama kifua, hakina shida leo. Haya ni mafua, yatamwachia baada ya siku chache. Mnyonyeshe zaidi, mpe hii ya homa. Lakini akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, akipata degedege, au homa isipoisha kesho kutwa, mrudishe hata kama ni usiku.” Kisha muombe mama arudie kwa maneno yake ni lini atamrudisha mtoto. Mama aliyeelezwa hivyo haoni kwamba ametoka mikono mitupu. Mgonjwa anayefuata wa aina hiyo mpe mwenzako, usikilize.

Wagonjwa wakipungua, kaeni. Mwache aanze yeye: lipi limekwenda vizuri, lipi angelifanya tofauti. Watumishi wengi hujihukumu kwa ukali kuliko utakavyowahukumu wewe, na mtu akilitaja kosa lake mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha. Wewe taja ulichokiona kwa macho, usitaje tabia. “Dokta, mtoto wa pili ulisubiri atulie, ukamhesabu pumzi mpaka dakika ikaisha. Wa nne hukumhesabu, nini kilitokea?” Sentensi hiyo ina kazi ya kufanyia. “Wewe huwa huna umakini” haina kitu. Malizeni kwa jambo moja atakaloliendeleza mpaka utakaporudi, aliandike yeye, kwa mkono wake.

Stadi za mikono hazikai kichwani

Kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kukanda mfuko wa uzazi unaotoa damu, kuandaa magnesium sulphate kwa mama mwenye kifafa cha mimba: haya hayatokei kila siku kwenye zahanati. Mkunga anaweza kukaa miezi bila kumpata mtoto wa kumsukumia hewa, kisha akampata saa nane usiku, akiwa peke yake. Ana kama dakika moja tangu mtoto azaliwe: amkaushe, amsugue mgongo, na asipopumua aanze kumpa hewa kwa ambu. Katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kukumbuka semina.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa somo ambalo kila mlezi anapaswa kulijua. Mwaka 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walifanya vizuri sana. Kwenye kitanda cha leba, kwa watoto halisi, hakuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata hospitali ilibadili mbinu: mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, palepale wodini, na marudio marefu kidogo kila mwezi. Kikundi cha mtafiti Estomih Mduma kiliripoti kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mbinu hiyo ilipelekwa baadaye, pamoja na vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kwenye vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na huko nako vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa vilipungua.

Kwa hiyo peleka mwanasesere, na umwache. Asifungiwe kwenye kasha stoo, awe mezani kwenye chumba cha kujifungulia, karibu na ambu yenyewe. Chagueni mkunga mmoja awe msimamizi wa mazoezi, asiwe lazima mwenye cheo. Kila anayeingia zamu afanye zoezi la dakika tatu, akimaliza aandike jina na tarehe. Wewe ukifika, usiulize kama wanafanya mazoezi. Sema tu, “Mtoto ametoka, halii,” na uangalie saa. Tazama barakoa inakaa sawa, kifua kinainuka, ambu imefikiwa bila kutafutwa. Mara nyingi utagundua kwamba mikono iko sawa ila ambu imefungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda sokoni. Hilo ni la kutatua siku hiyohiyo.

Ukikuta hakuna cha kufanyia kazi

Hutamfundisha mtu kupima presha kwa mashine mbovu. Mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mwembamba, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, na mama atapewa dawa asiyoihitaji. Oksitosini iliyokaa nje ya jokofu siku nyingi inaweza kushindwa kuzuia damu hata mkunga akifanya kila kitu sawasawa. Angalia kwanza vifaa, ndipo uangalie mtu.

Usiridhike na “tumeshaomba halmashauri.” Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti kwenye matumizi yake. Mkanda wa mashine ya presha, saa ya ukutani, betri za kipimajoto, haya yanaweza kupangwa na kununuliwa na kituo chenyewe. Kaa na mganga mfawidhi mwandike ombi pamoja. Makubwa, kama jokofu au dawa zisizopatikana Bohari ya Dawa, yabebe wewe mpaka mezani kwa Mganga Mkuu na Mfamasia wa wilaya, na ukirudi lete jibu hata kama ni la kukatisha tamaa. Mlezi anayepokea malalamiko na kuyameza hupoteza imani ya watu haraka sana.

Kikao cha dakika ishirini

Kila ziara iishe kwa kuwakutanisha wote, akiwemo mhudumu wa afya ngazi ya jamii na anayefanya usafi, maana yeye ndiye anayejua ndoo ya klorini huisha lini. Leteni tatizo moja, mfano wajawazito kuanza kliniki wakiwa na mimba kubwa, na muulizane linaanzia wapi, kituo kinaweza kujaribu nini mwezi huu, na mtajua kwa namba ipi kwamba limesogea. Mtafiti Alexander Rowe na wenzake walikusanya tafiti nyingi za nchi za kipato cha chini na cha kati, wakachapisha mwaka 2018. Kumpa mtumishi maandishi peke yake karibu hakubadilishi kitu. Mafunzo peke yake huinua utendaji kwa takriban alama kumi za asilimia. Mafunzo yakiambatana na watumishi kukaa pamoja kutatua matatizo yao, mabadiliko yalikuwa makubwa mara kadhaa zaidi. Bado tunapeleka mabango.

Nitasema na hili la semina za hotelini. Zahanati yenye watumishi wawili ikimtoa mmoja siku tano, kijiji kinalipia semina hiyo kwa mlango uliofungwa. Posho ni msaada kwa mtumishi mwenye mshahara mdogo, na simlaumu anayeikimbilia. Lakini wewe unayepanga bajeti ya wilaya unaweza kuchagua: fedha ya semina moja kubwa ingeweza kulipia mafuta ya pikipiki ya mlezi kwa miezi mingi.

Baada ya msiba kituoni

Siku moja utafika na kukuta mama amefariki wiki hiyo, au mtoto. Weka pembeni mpango wako wote. Mtumishi aliyempoteza mama mikononi mwake hafundishiki siku hiyo, na bado kesho anatakiwa afungue mlango. Mpe pole kama unavyompa aliyefiwa. Kaa naye, msikilize asimulie kwa mpangilio wake, usimkatize kwa “kwa nini hukufanya hivi.” Kikao cha kupitia kifo kitakuja na utaratibu wake, na humo mtatafuta saa zilizopotea: gari, simu, damu, dawa, uamuzi. Kazi yako kabla ya kikao ni kumsaidia aandike alichokifanya na muda wake, wakati bado anakumbuka, na kumhakikishia kwamba hatakwenda kwenye kikao hicho peke yake.

Ukiwa mbali

Kundi la WhatsApp husaidia kwa maswali ya dawa na dozi. Liwekeeni masharti: hakuna jina la mgonjwa, hakuna picha ya sura, na dharura hupigiwa simu hospitali, haiandikwi. Ujumbe wa saa tisa usiku unaweza usisomwe mpaka asubuhi.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo, nenda kila baada ya wiki mbili ukiweza. Baadaye kila mwezi, kisha kila robo mwaka. Kila ziara chukua wagonjwa ishirini wa mwisho kwenye kitabu cha jambo mlilokubaliana, hesabuni pamoja wangapi walihudumiwa kikamilifu, na bandikeni namba hiyo ukutani, ndani ya chumba, si kwenye ubao wa wageni. Watumishi wenyewe washike kalamu.

Stadi yoyote ifundishe kwa watu wawili, kwa sababu uhamisho hauna taarifa. Kukiwa na mtumishi mpya, au mkunga akienda likizo ya uzazi, au namba ya ukutani ikishuka ziara mbili mfululizo, acha ratiba ya robo mwaka na urudi wiki hiyohiyo. Na ukimwona tabibu au muuguzi mmoja ambaye wenzake humkimbilia wanapokwama, hata kama hajui kuongea mbele ya watu, peleka jina lake wilayani aanze kuongozana nawe kwenye zahanati ya jirani.